Kabla ya Kuongeza Sabufa, Panga Zilizopo

Promota wa Nairobi akitaka watu wajue tamasha lake si mchezo, hujigamba kwa idadi ya sabufa, yaani spika kubwa za besi. Picha za masanduku meusi yaliyojipanga chini ya jukwaa husambaa kabla hata wasanii hawajatua mjini, na mashabiki huanza kuhesabu. Mimi ni fundi wa sauti, na naona hesabu hiyo inatupotosha. Besi mbovu tunayopewa katika viwanja vya mji huu mara nyingi hutoka kwenye masanduku mazuri kabisa, yaliyowekwa ovyo na kuwashwa bila kupimwa, kwa sababu fundi hakupewa muda.

Chukua mpangilio tuliouzoea: rundo moja la sabufa kushoto mwa jukwaa, jingine kulia. Ukisimama katikati kabisa, besi inakupiga kifuani barabara, maana mawimbi ya pande zote mbili yanakufikia pamoja. Sogea kando hatua kadhaa, umbali wako kutoka kwa kila rundo unaanza kutofautiana, na hapo balaa linaanza. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzijoto 20. Waya wa A wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa Hz 55 (mitetemo 55 kwa sekunde), wimbi lenye urefu wa mita 6 na kitu. Popote ambapo rundo moja liko mbali kuliko jingine kwa mita 3.1, wimbi moja linasukuma hewa huku lenzake likiivuta, na noti ile inakufa. Mahali pale pale, waya wa G wenye Hz 98 unanguruma karibu kwa nguvu zake zote, kwa kuwa mawimbi yake yamekaribia kukutana sawasawa.

Sasa piga picha ya bendi ya benga. Katika benga besi haikai nyuma kusindikiza; inakimbia, inajibizana na gitaa la solo, na mchezaji anaifuata kwa miguu. Shabiki aliyesimama kwenye shimo lile, pale noti inapokufa, anasikia noti moja ikipasuka na nyingine ikimezwa, kisha anarudi nyumbani akisema mpiga besi hajui kazi. Kiingilio alilipa sawa na aliyesimama katikati. Hilo linaniuma zaidi ya jambo lolote katika kazi hii. Ukiongeza masanduku kwenye marundo yale yale mawili, mashimo yanabaki palepale. Kinachoongezeka ni kelele za pembeni yake. Dawa ni kuzipanga sabufa kwa mstari mmoja mbele ya jukwaa, nafasi kati yake isizidi mita moja na nusu hivi, kisha kuzichelewesha za pembeni kidogo kidogo kwa prosesa (mashine ya kurekebisha sauti kabla haijafika kwenye spika) ili wimbi lifunguke kama upinde na kuwafikia waliosimama kando. Mpango huo unataka jukwaa liachiwe nafasi mbele tangu lilipochorwa, na ni nadra fundi wa sauti kuitwa wakati wa kuchora.

Kisha kuna pale sabufa inapokabidhiana kazi na spika za juu, kwa kawaida kati ya Hz 80 na 100. Watu hudhani ukishaweka kroswova, kigawanyi cha sauti za chini na za juu, umemaliza. Spika za juu zimening'inizwa kwenye mtambo wa chuma, sabufa ziko chini, mita kadhaa mbele yake. Kwenye Hz 90, pengo la milisekunde 5 na nusu linatosha kuzigombanisha kabisa, na pengo hilo ni mwendo wa chini kidogo ya mita 2. Ngoma ya miguu inapoteza ile ngumi yake, fundi aliye kwenye mikisa, meza ya kuchanganya sauti, anapandisha sabufa kuifidia, na kila kitu chini ya Hz 60 kinavimba.

Kuna fundi mwenzangu hapa Nairobi ambaye napenda sana kumtazama akilitatua hili. Anaweka maikrofoni ya kupimia pale mashabiki watakapojaa. Anapiga sauti ya kupimia kwenye sabufa peke yake, kisha spika za juu peke yake, na kwenye kompyuta yake anatazama mistari miwili ya awamu, inayoonyesha wimbi limefika wapi katika kusukuma na kuvuta, ikikatana. Anabadilisha ucheleweshaji, anapima tena, hadi mistari ile ilaliane katika eneo lote la makabidhiano. Kisha anageuza poleriti ya sabufa makusudi, yaani pale ilipokuwa ikisukuma sasa ivute. Sauti ikizama vibaya pale kwenye Hz 90, anajua amepatia, na anairudisha ilivyokuwa. Anataka kimya tu, na anataka vijana wa taa wasiwe wanagonga vyuma.

Kuhusu ikwalaiza, kifaa cha kupandisha au kushusha sehemu moja ya sauti, nitasema machache. Kupandisha Hz 40 kwa desibeli 10 ni kuidai ampulifaya nguvu mara kumi. Sanduku lenye tundu limetengenezewa masafa yake, yaani Hz zake, kiwandani; chini ya hapo tundu haliibebi tena koni, nayo inayumba bila breki. Ndiyo maana kichujio cha kukata masafa ya chini, tuseme chini ya Hz 30 kwa masanduku mengi, si cha kuzimwa eti DJ anataka besi nzito. Limita, kile kizuizi cha sauti isipite kiasi, pia. Isitoshe, Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa, kwa hiyo koili za ndani ya spika na ampulifaya hazipoi haraka vile. Mwendo wa sauti wenyewe haujali mwinuko, unafuata joto. Jioni ya Julai si sawa na mchana wa Februari, na ucheleweshaji wa spika za nyuma ya uwanja unafaa kuguswa upya jua likizama.

Halafu majirani. Watu wa Jamhuri na Lang'ata wanaolalamikia matamasha wana haki, na nakasirika tunapowajibu kwa kuwaonyesha kipimo. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, zinaweka viwango kwa dB(A), yaani desibeli za kipimo cha A. Kipimo cha A hupunguza Hz 63 kwa desibeli 26, na Hz 50 kwa desibeli 30. Dirisha la mtu linatetemeka huku mashine ikisema usiku ni mtulivu. Tukitaka kuwa wakweli tupime dB(C) pia, desibeli za kipimo cha C, inayoisikia besi karibu jinsi ilivyo.

Na tusisubiri kulazimishwa. Katika kila rundo la sabufa tatu, igeuze moja itazame nyuma, ibadilishe poleriti, icheleweshe kwa milisekunde chache zinazolingana na kina cha sanduku, na besi ya upande wa nyuma inazimika kwa kiasi kikubwa. Unapoteza kidogo mbele. Unachopata ni jukwaa ambalo mwimbaji anajisikia na mpiga ngoma hajazama kwenye ngurumo, na mtaa ulio nyuma ya jukwaa unaolala.

Yote haya yanafanyika na masanduku ambayo tayari yamo kwenye maghala yetu. Promota anayesoma hapa, kwenye mkataba wako ujao andika masaa mawili ya kupima sauti uwanja ukiwa mtupu na kimya, kabla ya wasanii kujaribu vyombo, na umlipe fundi wa kupima kando na yule wa mikisa. Pesa zipo kwenye zile sabufa 4 za ziada ulizotaka kukodi.