Kabla ya kukata katalizeri, fungueni buji

Hapa Ubelgiji gari la mazutu (dizeli) likifika kontrole tekniki, yaani ukaguzi wa magari, fundi anaingiza mrija mwembamba kwenye eshapema (bomba la moshi), injini inanguruma polepole, mashine inahesabu chembe za masizi. Tangu Julai 2022, gari lenye filta ya masizi likitoa zaidi ya chembe milioni 1 katika kila sentimita ya ujazo, linakataliwa. Hakuna "mkubwa, tuelewane". Kila nikiuona mrija ule, akili yangu inapanda Kadutu, kule kwetu Bukavu, ambako mafundi wanakata katalizeri, kile kifaa cha kusafisha moshi wa gari.

Najua mutakachosema: "Umeshiba chipsi za Ulaya, sasa unataka tununue magari mapya?" Hapana, ndugu zangu. Gari kuukuu lililotunzwa halina aibu, na kuunda jipya nako kunakula chuma na umeme mwingi. Tena fundi wa Bukavu anayefungua injini ya RAV4 kando ya barabara na kuirudisha inawaka, huku simuoni. Huku kifaa kikifa wanatupa, wanaweka kingine. Hapo tunawashinda, na ninajivunia.

Lakini fundi huyohuyo akiambiwa gari "haivuti mlimani", mkono wake unakimbilia katalizeri. Anaikata, anachomea bomba tupu mahali pake, na ile iliyotolewa inapata mnunuzi kwa sababu ndani mna madini ya bei kali: platini, paladi na rodi. Gari linavuta, mwenyewe anashukuru, na ugonjwa umebaki palepale.

Katalizeri haizibi bure. Buji moja, ile plagi ya cheche, ikishindwa kuwasha, esanse (petroli) mbichi inakwenda kuungulia humo ndani, na joto linayeyusha ile kauri yenye matundu kama sega la nyuki. Au pete za pistoni zimechoka, oili inapita na kuyapaka matundu. Kwa hiyo fungueni buji zote kwanza. Yenye masizi makavu meusi inasema esanse inazidi au moto haufiki. Iliyolowa oili inasema pete au mpira wa valvu. Angalieni bobini inayopeleka umeme kwenye buji, filta ya hewa, halafu sindano za esanse.

Anayenunua aende asubuhi, injini ikiwa baridi. Zungusha ufunguo bila kuwasha: taa ya injini lazima iwake, kisha izime gari likishawaka. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameing'oa ili usijue, na hapo usitoe hata dola moja. Inama chini, gonga katalizeri kwa kiganja. Ikilia kama kopo lenye kokoto, kauri imevunjika. Ukiona bomba nyoofu lenye uchomeleaji mpya, imeshauzwa. Moshi wa bluu ni oili, mweusi ni esanse nyingi, mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni maji yanaingia ndani.

"Lakini si hao Wazungu wanaotuletea vyuma chakavu?" Kweli, na inaniuma. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilihesabu mwaka 2020 kwamba Ulaya, Japani na Marekani ziliuza nje magari kuukuu milioni 14 kati ya 2015 na 2018, na asilimia 40 hivi yalikuja Afrika. Walaumiwe. Ila Toyota Vitz nyingi zinaondoka Japani na katalizeri yake nzima. Msumeno zinaukuta kwetu. Na mtoto anayeuza karanga Nyawera, pua yake iko karibu na eshapema kuliko ya mwenye gari.

Basi fundi akishika mashine ya kukatia, mumuulize: buji umezifungua?