Wembe na kisomo

Mwaka wa tisa huu niko London, na mgongo ukinishika bado naenda kupigwa chuku, nichanjwe kwa wembe na damu ivutwe kwa vikombe. Ustadhi wangu wa hijama ana chumba kidogo juu ya duka la nyama. Ukutani katundika leseni ya halmashauri, vikombe vyake ni vya kutumia mara moja, na wembe anautupa kwenye kidebe cha njano huku unamwona. Akinisomea Fatiha, halmashauri haina neno. Shida yao ni wembe.

Nyumbani Kisenyi, Kampala, mama yangu mdogo alipigwa chuku kwa wembe ambao hakuna ajuaye ulitoka mgongo wa nani. Na hilo ni dogo. Sheikh wa ruqya, kisomo cha Kurani cha kutibu, alimwambia presha yake ni jini, akampa kombe la siku saba, yaani maji ya kunywa yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani, vidonge aviweke kando. Akaviweka. Siku ya tano tulimkimbiza hospitali, mdomo umeenda upande.

Nikisimulia haya, wenzangu wa hapa husema ruqya ipigwe marufuku. Sikubali. Kombe nimelinywa tangu utotoni na nitalinywa tena. Sheria Uganda tunazo: ya uchawi ya 1957, na ya tiba asilia na tiba mbadala ya 2019 iliyounda baraza la kusajili waganga. Ila sheikh anajiona hayumo kote kuwili. Uchawi ataukana kwa kiapo, mizizi hachimbi, yeye eti anasoma Kurani tu. Mchungaji mwenye chupa za mafuta ya upako atakujibu hivyohivyo. Huku mabango na redio vinanadi kisukari, saratani, ugumba na mume aliyepotea, vyote kwa namba moja ya simu.

Uingereza ina sheria ya 1939 inayokataza kuwatangazia watu tiba ya saratani. Ya 1939! Hakimu haulizwi kama majini yapo, anaonyeshwa tangazo. Si kwamba huku kumenyooka: muuza mitishamba anajiita mtaalamu bila kusajiliwa popote, na wa kisomo cha kulipia kwa pauni nawajua. Lakini baraza letu lingeanza na mambo mawili tu, wembe na tangazo, wala lisingegusa aya hata moja.

Desemba nilipita pale kwa sheikh. Bango limepakwa rangi upya, na presha wameiongeza kwenye orodha.