Kisu cha mfukoni kichaguliwe na bahari

Ukitaka kununua kisu cha kukunja hapa Unguja au kule Pemba, usianze na bei wala uzuri wa mpini. Uliza kwanza kitavumilia vipi chumvi. Hewa yetu yenyewe ina chumvi, na kisu kinachokaa mfukoni hulowa jasho la mwenyewe kutwa nzima. Nawaona vijana Darajani wakichagua kile cheusi chenye meno mgongoni na ncha ya kutisha, na haupiti muda hakifunguki tena. Inaniuma, maana kisu kizuri ni cha kukaa nacho miaka.

Jambo kubwa ni chuma. Kuna chuma cha kaboni na kuna stenlesi, yaani chuma kilichochanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi. Cha kaboni kinanoleka upesi na makali yake ni mazuri, sikatai. Okapi, kisu kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Afrika na ambacho sasa hutoka Afrika Kusini, ni cha chuma hicho, na mkulima wa bara aliye mbali na pwani ana haki ya kukisifu. Lakini kimenyee embe mbichi au chungwa uone: ubapa unaingia weusi na tunda linanuka chuma. Kikilala na maji ya bahari usiku mmoja, asubuhi kina madoa ya kutu. Kwa mvuvi wa Nungwi au Wesha anayekata chambo na mishipi kila siku, nasema bila kusita: achukue stenlesi. Na muuzaji asikupime kwa sumaku, kwani stenlesi ya visu nayo hunaswa na sumaku vilevile.

Mpini wa mti unapendeza mkononi, ila hunywa maji. Opinel ya Ufaransa, iliyobuniwa na Joseph Opinel mwaka 1890, naipenda kwa wepesi wake na kwa ile pete inayozuia ubapa usijifunge, iliyoongezwa mwaka 1955. Inauzwa kwa chuma cha aina zote mbili. Tabu yake ni kwamba mti ukilowa huvimba, na ubapa ukabanwa ndani usitoke. Kwa anayechuma karafuu, kukata kamba na kufungua mapolo, haina neno. Kwa anayeshinda ndani ya ngalawa, bora mpini wa plastiki ulio wazi upande wa mgongo, mchanga na magamba ya samaki yapate kutoka.

Urefu wa ubapa, sentimita 7 au 8 zinatosha. Kwa kuku, chukua kisu cha jikoni.

Kabla hujatoa pesa, kifungue, kishike mpini, utikise ubapa kushoto na kulia. Ukicheza, kirudishe. Halafu ugeuze uubonyeze mgongo wake taratibu juu ya meza. Kisu kikijifunga hapo, siku nyingine kitajifungia vidoleni mwako.

Sasa kunoa, maana hapa ndipo visu vingi vinapouliwa. Tuache kunolea kwenye ukingo wa baraza la saruji. Saruji inayang'oa makali vipande vipande. Na yule mnoaji wa gurudumu la baiskeli, mwambie asikigandamize kisu chembamba mpaka cheche ziruke: ncha ikishageuka rangi ya buluu, chuma kimeungua na kulainika, hakishiki makali tena. Lowesha kinoo, laza ubapa, kisha inua mgongo kidogo tu, kiasi cha digrii 20. Kwa ubapa wa upana wa sentimita 2 ni kama milimita 7. Sukuma upande mmoja mpaka uhisi ncha ndogo ya chuma imejikunja upande wa pili kote, kisha geuza. Mkono ukiwa mwepesi, kazi haichukui muda. Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu unakigandamiza kwa nguvu na kinateleza.

Ukitoka baharini, kioshe kwa maji ya bomba kikiwa wazi, uingize maji mpaka kwenye bawaba, ukifute, ukiache kikauke bila kukikunja. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba, na ubapa upake mafuta ya nazi, kwa kuwa ndio unaogusa chakula. Anayesafiri kwa ndege akitie kwenye begi la kukabidhi. Ukipita nacho mkononi pale uwanja wa Abeid Amani Karume kitabaki hapo hapo.

Mwenye pesa kidogo anunue kisu cha ubapa mmoja, cha stenlesi, kisicho na kifungua kopo wala mkasi ndani yake, na chenji anunulie kinoo cha pande mbili, mmoja wa kukwaruza na mmoja laini.