Barua ya Posa Yapima Pointi

"Posa haipelekwi kwa Kosta," mjomba alisema. Basi Volkswagen Beetle yake ya 1968 ikatwishwa mshenga, shangazi, jogoo na mimi, kutoka Uyole kwenda Tukuyu. Shangazi alitaka tubebe na mkungu wa ndizi. Ndizi, Tukuyu!

Karibu na Isyonje, ukungu umetanda, gari likaanza kukohoa. Likapiga mshindo kwenye ekzosi, jogoo akajibu, likazima.

Mjomba akafungua distribyuta, kile kikombe kinachogawia plagi umeme. Pointi, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana kukata umeme wa koili, zilikuwa zimeungua, na kile kipande kinachosuguana na kemu, nundu ya mhimili unaozunguka, kimelika hadi nafasi kati ya pointi imekwisha. Pointi zisipoachana sawasawa koili haitoi cheche ya maana, na mlimani ndiko gari huamua kukuumbua.

"Msasa."

Hakuna. Shangazi, aliyekuwa amevaa kitenge cha sherehe, akatoa tupa yake ya kucha kwa uchungu wa mtu anayetoa figo. Mjomba akazisugua pointi zikang'aa. Akazungusha injini kwa mkono, akishika puli, mpaka kemu ikainua pointi hadi mwisho wake. Sasa ilibaki kupima nafasi: milimita 0.4.

"Filageji."

Filageji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ilikuwa Uyole, juu ya kabati. Mjomba akamtazama mshenga mfuko wa koti.

"Wewe! Hii ni barua ya posa!"

"Karatasi moja ni kama milimita 0.1. Ikikunjwa mara mbili ni nukta nne. Lete."

Barua ikaingia kati ya pointi, ikavutwa, ikaingia tena. Mjomba akakaza skrubu. Akamwambia mshenga ashike waya mkubwa wa koili karibu na bodi, aone kama cheche ipo. Ilipatikana, kwenye kiwiko cha mshenga. Alilitaja jina la Yesu na la mjomba katika pumzi moja, na jina la pili hakulitaja kwa heshima.

Tukafika Tukuyu gari likinguruma vizuri ajabu. Barua ikafunguliwa mbele ya wazee. Grisi ilikuwa imepenya kurasa zote, ikatua juu ya jina la binti.

"Mnamposa nani?" akauliza baba mkwe mtarajiwa.

Mshenga akafungua kinywa, mkono bado unamtetemeka. Mzee hakumngoja. Akainusa barua.

"Hii ni grisi ya distribyuta. Mlipimia ngapi?"

"Nukta nne, mzee," mjomba akajibu.

Faini ya barua chafu ikawa mche mmoja wa sabuni. Shangazi alipendekeza alipe mjomba peke yake, na kikao kizima kikaafiki. Kisha mzee akaikunja ile barua mara mbili, akatoka nayo moja kwa moja hadi kwenye Peugeot yake iliyolala chini ya mparachichi. Mshenga akamfuata kuiomba, ili jina la binti liandikwe upya.

Akaambiwa asubiri, barua bado iko kazini.