Stempu 20 za televisheni ya zamani, na kipindi kilichoachwa nje

Tarehe 11 Agosti 2009, Posta ya Marekani ilitoa karatasi ya stempu 20 za kukumbuka vipindi vya mwanzo vya televisheni, kila moja senti 44. Wamo Lucy wa kipindi cha vichekesho I Love Lucy, mbwa Lassie, wakili Perry Mason, mtangazaji Ed Sullivan na wengineo.

Kibiashara, uamuzi ule una mantiki. Mwaka huo posta ilipata hasara ya dola bilioni 3.8. Stempu anayoinunua mkusanyaji na kuiweka kwenye albamu imelipiwa, lakini hakuna barua ya kupeleka; karatasi nzima ilikuwa dola 8.80. Tena vipindi hivi ndivyo familia nyingi zilikaa kuvitazama. Huwezi kumlaumu mtu kwa kukumbuka alichokiona.

Kinachonisumbua ni nani aliamua watu waone nini. Katika vipindi vyote 20, hakuna hata kimoja kilichoongozwa na Mmarekani mweusi. Novemba 1956, mwimbaji mweusi Nat King Cole alianza kipindi chake katika televisheni ya NBC, mwanzoni dakika 15 tu: suti nadhifu, piano, sauti laini. Marafiki zake wakubwa katika muziki, kama Harry Belafonte na Ella Fitzgerald, walikuja kuimba kwa malipo ya chini kabisa ili kumsaidia. Hata hivyo, hakupatikana mdhamini wa kitaifa, yaani kampuni ya kulipia kipindi ili itangaze bidhaa zake nchi nzima. Kampuni zilihofia kuwaudhi wateja weupe wa kusini mwa Marekani. Desemba 1957 kipindi kikafungwa. Cole alisema Madison Avenue, mtaa wa makampuni ya matangazo, unaogopa giza, akicheza na neno: giza la ngozi nyeusi.

Mtetezi wa posta atajibu kwamba kipindi cha mwaka mmoja hakiwezi kulinganishwa na vilivyodumu miaka mingi. Hoja ina uzito, ila ufupi huo ulitokana na ubaguzi wenyewe. Ukiufanya kigezo, unamwadhibu Cole mara ya pili. Wengine watasema tayari alipewa stempu yake mwaka 1994. Kweli, lakini ile ilimheshimu kama mwimbaji, miongoni mwa waimbaji maarufu. Mlango alioubisha kwenye televisheni haukutajwa.

Karatasi ya 2009 ina makauboi wawili, Hopalong Cassidy na Lone Ranger. Mimi ningebakisha mmoja, nafasi ya pili nimpe Cole akiwa kwenye piano yake.