Mzigo Uko Njiani, Yakhe

Mwenzenu nimechoka na hizi meseji za "mzigo wako uko njiani". Njia gani hiyo isiyo na mwisho? Niliagiza kofia ya kushona kwa mkono kutoka Lamu, niivae harusini kwa mpwa wangu. Harusi imepita, bibi harusi keshaanza kutamani maembe mabichi, kofia bado iko njiani.

Nikawaza: na tungekuwa na majini wa kupeleka vifurushi? Si twayasoma madrasa! Barua ya Nabii Suleiman ilipelekwa na ndege hudihudi mpaka kwa Malkia Bilqis, kule Sabaa. Na kilipotakiwa kiti cha enzi cha Bilqis, jini Ifriti alisema atakileta kabla Nabii hajainuka alipokaa, na bado akapitwa na mwenye elimu ya Kitabu, aliyekileta kabla ya kupepesa jicho. Kiti cha enzi kizima! Mie kofia.

Lakini naijua Mombasa. Jinni ataruka toka Lamu mara moja tu, akifika juu ya Likoni aanze kunipigia.

"Mzee, uko wapi?"

"Njoo mpaka pale kwa mwembe."

"Mwembe siuoni."

"Ulikatwa. Lakini ni hapo hapo."

Sasa utamlaumu? Mtaa mzima twaelekezana kwa mwembe usiokuwepo. Hata watoto waliozaliwa baada ya kukatwa wajua washukie wapi. Nyumba hazina namba, na yule mwenye nyumba ya bluu iliyokuwa alama yetu ya pili kaipaka rangi ya maziwa.

Halafu visingizio. Mzigo ukichelewa utaambiwa umezuiwa na chunusi, yule jini avutaye watu baharini, pale kivukoni. Utamshitaki nani, chunusi? Na jinni akija kwa sura ya paka, mama watoto atamtimua na ufagio, kisha niletewe meseji: "Tulifika, hukuwepo." Hiyo ya hukuwepo ndiyo yaniua. Wallahi siku ile nilikuwa barazani tangu alfajiri, kahawa imepoa mkononi, hata chooni nilikwenda mbio!

Tena ofisi hao majini wanayo tayari. Nendeni Mnara wa Mbaraki, ule mnara wa kale wa Mombasa watu wanakopeleka haja zao kwa majini, mwone chupa za marashi na majivu ya ubani. Mtu aeleza haja yake, aacha alichokuja nacho, aondoka. Hakuna fomu, hakuna "lete kitambulisho".

Jana kofia imefika. Imeviringwa gazeti, gundi ya karatasi mizunguko kumi kama mguu uliovunjika, jina langu limekosewa herufi mbili. Nikaivaa mbele ya kioo. Imekaa utosini kama kifuniko cha birika. Mama watoto kacheka mpaka kakaa chini.

Nimepiga simu, naambiwa niirudishe, nauli juu yangu, na nisubiri.

Kesho navuka feri niende Mbaraki. Marashi ninayo. Mwenye ubani wa kuniazima aniambie.