Mjamaa mwenye gazeti na shamba la kahawa

Kuna mzee mmoja wa Kerala, kule kusini mwa India, kila nikijaribu kumuweka kwenye fungu moja anachomoka. Anaitwa M. P. Veerendra Kumar. Alifariki Kozhikode tarehe 28 Mei 2020 akiwa na miaka 83, katikati ya lokdauni ya korona, kwahiyo huku kwetu hata hatukusikia.

Huyu alikuwa mjamaa wa kuzaliwa. Baba yake, Padmaprabha Gowder, alikuwa kiongozi wa wasoshalisti kule Wayanad, milimani, na kijana mwenyewe kadi ya chama inasemekana alikabidhiwa na Jayaprakash Narayan, kigogo wa ujamaa wa India nzima. Sasa familia hiyohiyo ni ya mashamba ya kahawa, kijana kasoma falsafa Madras halafu akapanda ndege kwenda Cincinnati, Marekani, kuchukua MBA. Mjamaa mwenye MBA jamani! Na kuanzia 1979 mpaka anakufa ndio alikuwa bosi wa Mathrubhumi, moja ya magazeti makubwa kabisa ya Kimalayalam, lugha ya Kerala, lililoanzishwa 1923 wakati watu wanapigania uhuru. Sisi tuliokuzwa na Azimio la Arusha tunajua mtu wa hivyo asingepita hata mlangoni, kiongozi kuwa na hisa tu ilikuwa mwiko, sembuse gazeti zima.

Kwahiyo kwa muda mrefu nilimuona ni walewale, tajiri anayependa kuimba habari za wanyonge. Kilichonitikisa ni Plachimada.

Plachimada ni kijiji wilaya ya Palakkad, wakazi wengi ni Adivasi, yaani wenyeji wa asili, watu wa vibarua vya mashambani. Mwaka 2000 Coca-Cola wakafungua kiwanda pale, wakawa wanavuta maji ya chini ya ardhi. Haikupita muda visima vya wanakijiji vikaanza kushuka na maji yakabadilika, yakawa meupe kama yamechanganywa chokaa, ukipikia wali hauliki, ukioga unawashwa, kina mama wakawa wanatembea mbali na vyombo kichwani kutafuta maji wakati nyuma ya ukuta chupa zinajazwa. Aprili 2002 wakajenga kibanda mbele ya geti la kiwanda wakakaa hapo, na mama mmoja wa Kiadivasi, Mayilamma, ndio akawa sura ya mapambano yale. Alafu yale matope yanayotoka kiwandani wakulima walikuwa wanapewa eti ni mbolea, 2003 BBC wakapeleka sampuli maabara zikakutwa na madini yenye sumu, ledi na kadimiamu.

Sasa utamu uko hapa. Halmashauri ya Perumatty iliyokipa kiwanda kibali ilikuwa mikononi mwa Janata Dal, yaani chama chake huyuhuyu mzee. Wengi wangekaa kimya au wangeunda tume. Yeye akasimama na wenye kibanda, gazeti likaandika na kuandika, na Aprili 2003 halmashauri ileile ikagoma kuhuisha leseni. Januari 2004 ukafanyika mkutano wa dunia wa maji kulekule, wanaharakati kina Vandana Shiva wa India na José Bové wa Ufaransa wakafika, na Machi 2004 kiwanda kikazima mitambo. Hakijawaka tena. Sisemi ni yeye aliyekifunga, waliokifunga ni wale kina mama waliokaa juani, ila gazeti kubwa likiwa upande wako kelele zako zinafika mbali, hilo nalo tusilikatae.

Uandishi wake sibishani nao. Msikiti wa Babri ulipobomolewa na Wahindu wenye msimamo mkali Desemba 1992 kwa jina la mungu wao Rama, aliandika kitabu kuhusu huzuni ya Rama, fikiria, Mungu mwenyewe anahuzunika kwa kinachofanywa kwa jina lake. Cha safari za Himalaya kilimpa tuzo ya Sahitya Akademi, taasisi ya taifa ya fasihi. Na waziri mkuu Indira Gandhi alipotangaza hali ya hatari miaka ya sabini, alilala jela kama wapinzani wengine.

Kinachonisumbua ni viti. Huyu mzee alikuwa anaviacha viti kama mtu anavua koti. 1987 aliukwaa uwaziri wa misitu Kerala, akatoa amri miti isikatwe, na hata wiki haijaisha kashajiuzulu kwa mivutano ya ndani ya chama. Julai 2017 Nitish Kumar, kiongozi wa chama chake kitaifa, kaenda kushikana mikono na BJP, chama cha wazalendo wa Kihindu, na Desemba yeye akarudisha kiti chake cha Rajya Sabha, bunge la juu la India. Watu wakapiga makofi, nami nilipiga. Ila tuulizane taratibu, nani anaweza kuacha kiti hivyo? Anayejua kesho asubuhi kahawa bado iko shambani na gazeti bado linatoka. Mbunge aliyekopa benki ili agombee, mwenye ada za watoto watano, huyo msimamo wake una bei, na tunamtukana bure. Msimamo wa mzee ulikuwa wa kweli, naamini, lakini ulikuwa na godoro chini.

Na hata yeye hakuwa malaika wa siasa. 2009 aligombana na wenzake wa mrengo wa kushoto juu ya kiti cha ubunge cha Kozhikode akahamia upande wa chama cha Congress, 2014 akagombea Palakkad akapigwa, 2018 huyo tena Rajya Sabha kwa kura za walewale wa kushoto aliowakimbia. Wewe msomaji wa Mathrubhumi miaka hiyo yote unafungua gazeti na chai yako, utajuaje hapa unasoma habari na hapa unasoma hasira za bosi? Labda hazikuwemo kabisa. Lakini kujiuliza ni haki yako.

Alipofariki, mwanae Shreyams Kumar ndio akabaki na usukani, wa gazeti na wa chama. Kile kiti cha Rajya Sabha kilichoachwa wazi na marehemu kilipigiwa kura Agosti 2020. Akakipata mwanae.

Wale wa Plachimada nao bunge la Kerala liliwapitishia muswada wa mahakama ya fidia 2011, ukapelekwa Delhi, ukarudi bila saini ya rais. Mayilamma alishafariki tangu 2007.